Barua kwa madiwani wa majiji yetu: someni kabrasha kabla ya kusema ndiyo

Waheshimiwa madiwani, wanangu,

Nimekaa na barua hii wiki tatu. Kila nilipoketi kuiandika, hasira ilitangulia kalamu. Sasa imepungua kidogo, ingawa haijaisha.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea binti yangu katika mojawapo ya majiji yetu ya Tanzania. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa mwananchi yeyote, kwa hiyo asubuhi ya siku ya pili nilivaa koti langu la kazini nikaenda kuketi viti vya nyuma. Ajenda kubwa ilikuwa majibu ya hoja za ukaguzi, yaani kasoro ambazo wakaguzi wa hesabu wameziona na wanataka zijibiwe. Mlangoni kijana alikuwa anagawa makabrasha mazito kama matofali, karatasi bado zina joto la mashine. Waheshimiwa walipokea, wakasaini mahudhurio, wakaingia. Hakuna aliyekuwa amelitia machoni kabrasha lile kabla ya dakika hiyo.

Nilitazama saa, maana ndiyo tabia ya kazi niliyoifanya. Suala la posho ya mafuta lilichukua dakika 40. Watu walisimama, walinukuu waraka, waligonga meza. Hoja za ukaguzi zilichukua dakika 11. Mweka hazina alisoma vichwa vya hoja, Meya akauliza wanaoafiki, ukumbi ukaitikia "Ndiyooo", na masurufu yasiyorejeshwa, yaani fedha ambazo ofisa alitangulizwa kwa kazi na hajazitolea hesabu, yakapita pamoja na malipo yasiyo na viambatisho, mzigo mmoja, kamba moja. Kisha watu wakaenda kula pilau. Mimi sikula.

Nilikuwa mhasibu wa halmashauri kwa miaka 31. Makabrasha ya namna ile nimeyaandaa kwa mikono yangu, na ninajua kwa nini yanagawiwa mlangoni. Mara nyingine ni uzembe wa kawaida: mashine imeharibika, mkuu wa idara kachelewa kuleta taarifa yake. Mara nyingine watu wamekaa chumbani wakakubaliana kwamba diwani akipewa siku tano atauliza, akipewa dakika tano atasema ndiyo. Nisikilizeni basi, maana ninayoyaeleza niliyaona nikiwa upande wa pili wa meza.

Tazameni fedha za jiji zinavyopita mikononi mwa watu. Mkurugenzi ameteuliwa na Rais. Mweka hazina, mhandisi, ofisa manunuzi na mkaguzi wa ndani wameajiriwa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, naye ameteuliwa na Rais chini ya ibara ya 143 ya Katiba. Wabunge wa Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa wamechaguliwa, lakini wao wana halmashauri 184 za kuangalia, na wanaziangalia kutoka mbali. Ndani ya jengo lenu, aliyeletwa na wananchi kuangalia fedha zao ni wewe diwani. Hata wewe uliyepita bila kupingwa, kiapo ulichokula ni kilekile.

Na wewe ndiye unayeona mapema kuliko wote. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, lakini ripoti kuu ya CAG inamfikia Rais mwishoni mwa Machi ya mwaka unaofuata, ndipo iende bungeni. Ni miezi tisa. Kwa muda huo mkandarasi ameshaondoa mitambo yake, ofisa aliyesaini amehamishiwa mkoa mwingine, na saruji iliyopungua imeshafunikwa na rangi. Kamati yenu ya Fedha inakutana kila mwezi. Baraza linakutana kila robo mwaka. Nani basi anayeweza kusema "ngojeni kwanza" fedha ikiwa bado benki?

Niwape kisa kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa katika mji ambao nitauacha bila jina. Tulikuwa na diwani mama mmoja, muuza samaki, aliyeishia darasa la saba. Kila alipopata kabrasha alilipeleka nyumbani, na mwanawe wa sekondari alimsomea taa ikiwa imewashwa. Siku moja tulileta taarifa ya choo cha soko: matundu 12, kazi imekamilika, malipo yamefanyika yote. Yule mama alinyoosha mkono akasema, "Mimi nauza samaki hatua ishirini kutoka choo hicho. Nimehesabu jana na leo asubuhi. Matundu ni manane." Mhandisi akasimama akaeleza kwamba manne yaliyobaki ni ya awamu ya pili. Mama akamuuliza, "Na fedha yake nayo imebaki ya awamu ya pili?" Ukumbi ukanyamaza.

Wanangu, hati ile ya malipo ilikuwa na saini yangu. Viambatisho vyote vilikuwepo: cheti cha mhandisi, ankara, muhtasari wa kamati. Kwa karatasi kila kitu kilikuwa sawa, nami nilisaini bila kutembea mita mia tatu kwenda sokoni. Mkandarasi alirudishwa akajenga matundu matatu. La nne halikujengwa mpaka naondoka mji ule. Lakini kuanzia mwezi uliofuata, kila taarifa iliyokuwa inakwenda kwenye baraza tuliipitia mara mbili, kwa sababu tulijua kuna mtu atakayehesabu. Mama yule hakuwahi kufukuza mtu kazi, wala hakupiga kelele. Alisoma, akaenda kuangalia, akauliza.

Nanyi mna simu mfukoni zenye kamera. Mna vijana wa kata waliosomea uhasibu ambao wanakaa vijiweni wakitafuta kazi. Mnashindwaje?

Kabrasha lidaini mapema. Kanuni za kudumu za halmashauri yenu zimeweka muda wa kutoa taarifa ya mkutano. Zisomeni, mzishike mkononi. Likigawiwa mlangoni, diwani mmoja asimame atoe hoja ya kuahirisha ajenda ya fedha, na mwingine amuunge mkono. Mkifanya hivyo mara mbili, mara ya tatu kabrasha litaletwa nyumbani kwako na pikipiki. Mkiendelea kuitikia ndiyo, litaendelea kuwasubiri mlangoni, na mwaka baada ya mwaka litazidi kunenepa.

Msidanganywe na hati safi. Kila mwaka naona halmashauri zinapiga picha na kushangilia kwamba zimepata hati inayoridhisha, ndiyo hiyo hati safi, kutoka kwa CAG. Ni jambo jema, wahasibu wamefanya kazi yao. Lakini hati hiyo inasema hesabu zimeandaliwa kwa viwango na zinaonyesha hali halisi katika mambo ya msingi. Haisemi barabara imejengwa kwa bei ya haki, wala haisemi dawa zilifika zahanati. Halmashauri inaweza kuwa na hati safi huku kitabu cha hoja za ukaguzi kimejaa. Mnaopaswa kusoma kitabu hicho hoja kwa hoja ni nyinyi.

Mengine nitayataja tu, maana ni mambo ya kila siku. Ulizeni mashine za kukusanyia ushuru ziko ngapi, ngapi zimezimwa, na makusanyo yamefika benki baada ya siku ngapi. Ulizeni masurufu ya nani hayajarejeshwa na kwa nini bado anapewa mengine. Mkaguzi wa ndani aletwe mbele yenu azungumze kwa kinywa chake. Hoja ya mwaka jana ikijirudia, msikubali jibu la mwaka jana.

Suala la mikopo linaniuma zaidi. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha baada ya ukaguzi kuonyesha uozo wake, yakiwemo makundi hewa na marejesho yasiyorudi, na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika kipindi hicho mama mwenye biashara halali ya genge, anayerejesha kila wiki, alikosa mtaji kwa dhambi ya kikundi ambacho hakikuwahi kuwepo. Sasa niambieni: mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ni nani? Ni diwani. Kikundi hewa kinapitaje katika kata ambayo diwani anajua hata mbuzi wa nani kaingia shamba la nani?

Kuna wenzetu waliolitengenezea jukumu hili cheo chake. Wakazi wa New York humpigia kura Mdhibiti wa Fedha wa jiji mbali na meya. Ana wakaguzi wake, mikataba ya jiji husajiliwa ofisini kwake, na katiba ya jiji inamtaka akague kila idara angalau mara moja katika miaka minne. Hata hivyo cheo peke yake hakikuwaokoa. Abraham Beame aliwahi kuwa Mdhibiti huyo kabla ya kuwa meya mwaka 1974, na mwaka 1975 jiji hilo lilikaribia kufilisika. Sisi cheo hicho hatuna. Kazi yake imegawanywa kwenu nyote mlioketi ukumbini, na kazi iliyogawanywa kwa wengi ni rahisi kila mmoja kudhani jirani yake anaifanya.

Na msidhani viti vyenu ni vya milele. Serikali za mitaa zilifutwa nchi hii mwaka 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani, kazi zake zikapewa watendaji wa serikali kuu mikoani na wilayani. Miji ilirudishiwa mabaraza yake mwaka 1978, na mfumo mzima ukasimama tena mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Kisha mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Tume ya Jiji, watu wa kuteuliwa chini ya Charles Keenja, ikaendesha mji hadi mwaka 2000. Takataka zilizolewa, mapato yakapanda. Niliwasikia watu wazima, watu wenye akili zao, wakisema mji hauhitaji madiwani. Nilibisha sana, lakini sikuwa na mfano mwingi wa kuwaonyesha. Diwani aliyeitikia ndiyo kwa miaka mitano, akiondoka nani atajua ameondoka?

Sisi wananchi nasi tuna letu. Tukimwona diwani msibani tunamtazama mkononi. Tunataka atoe sanda, achangie harusi, alipe ada, anunue jezi za timu ya mtaa. Kisha tunashangaa kwa nini dakika 40 zinaishia kwenye posho. Nimeona diwani mwaminifu akiuza kiwanja cha babake ili asionekane bahili katika kata yake. Ndugu zangu tusio na vyeo, tukikutana na diwani tumuulize kabrasha linasema nini, mchango wa harusi tumwachie mwenye harusi.

Najua pia kwamba mambo mengi yanamalizwa katika vikao vya chama kabla ya baraza, na kwamba anayeuliza sana huambiwa anakichafua chama. Wanangu, hilo ni zito, sitalifanya jepesi. Ila yule mama wa samaki alikuwa mwanachama mwaminifu mpaka siku ya kufa kwake, na hakuna aliyemnyang'anya kadi kwa sababu ya kuhesabu matundu ya choo.

Macho yangu bado yanaona na kichwa bado kinajumlisha. Kila Jumamosi baada ya alasiri niko kibarazani kwangu, na wastaafu wenzangu wa hesabu wako kila mji. Diwani ambaye taarifa ya mapato na matumizi inamchanganya, atafute mmoja wetu, aje na kabrasha lake na kalamu nyekundu. Chai itakuwepo. Tutaanza na ukurasa wa malipo.

Mzee wenu,
mhasibu mstaafu wa halmashauri