Misa ya Ijumaa isifutwe

Mhariri,

Wazazi wenzangu wanaotaka shule za Kikatoliki za wasichana zifute misa ya Ijumaa ili muda uende kwenye tuisheni, naomba wafikiri upya. Binti yangu wa kidato cha kwanza, mwoga wa kusema mbele za watu, amepangiwa kusoma somo la kwanza la Biblia kwenye misa hiyo. Kila jioni dada wa kidato cha nne hukaa naye kanisani, akimwonyesha wapi avute pumzi na wapi ainue macho. Tuisheni gani itampa hayo? Kwaresima nayo ina Njia ya Msalaba, ibada ya kukumbuka mateso ya Yesu: vituo 14, na kila kimoja kinaweza kuongozwa na msichana tofauti. Walimu wakuu, tafadhali msikubali.

Mzazi