Tuambieni Kwanza Waliofanya Mtihani ni Akina Nani

Kwa Mhariri,

Kuna orodha inayopita simu hadi simu hapa Kisumu tangu mtihani wa pamoja wa Gredi ya Sita usahihishwe. Ina jina la shule ya umma, wastani wake na nafasi yake, basi. Shule za juu zimepakwa kijani, za chini nyekundu. Wazazi wa mtaani kwetu wameshaanza kuulizana nauli ya matatu hadi kwenye zile za kijani, na mwalimu mkuu mmoja ameitwa mkutanoni aeleze kwa nini shule yake imeporomoka.

Nilifundisha darasa la nane kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mikutano ya namna hiyo naijua. Sina neno na shule kulinganishwa. Mzazi analipa ushuru, ana haki ya kujua mwanawe anafundishwa au analindwa tu hadi saa tisa na nusu. Lakini wastani bila kutajiwa waliofanya mtihani ni akina nani haumwambii jambo hilo.

Chukua shule ndogo yenye watahiniwa 15 na wastani wa 60. Mtoto mmoja aliyezoea kupata 70 aamke na malaria asubuhi ya mtihani, ajikokote hadi darasani, apate 10. Wastani wa shule nzima umeanguka kwa alama 4. Tukio lilo hilo likitokea kwenye shule ya mjini yenye watahiniwa 150, wastani hautetereki hata kwa nusu alama. Sasa itazame orodha yenyewe: katikati pale shule zinapishana kwa sehemu za alama moja. Alama 4 zinatosha kuishusha shule kutoka kijani hadi nyekundu, na homa ya mtoto mmoja ikaitwa uzembe wa walimu. Ndiyo maana shule ndogo ndizo zinazoruka juu na chini kila muhula, na shule kubwa zimekaa palepale. Idadi ya watahiniwa ingeandikwa kando ya kila wastani, mzazi angeliona hilo mwenyewe. Haikuandikwa.

Hiyo ni bahati mbaya tu. Kuna na ujanja.

Tuliofundisha enzi za KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza darasa la nane, tangu ya kwanza mwaka wa 1985 hadi ya mwisho mwaka wa 2023, tunaujua vizuri. Tuseme shule ina watahiniwa 60. Hamsini kati yao wanaweza kupata 270 kwa 500, kumi waliobaki watapata 150. Wastani ni 250. Wale kumi ukiwaambia warudie darasa la saba, au ukawatafutia shule nyingine ya kujisajilia, wastani unapanda hadi 270. Hakuna somo lililofundishwa vizuri zaidi, hakuna kitabu kilichoongezwa, ila siku ya matokeo mwalimu mkuu anabebwa juujuu na nyimbo zinaimbwa hadi barabarani. Niliyaona haya kwa macho yangu, na wazazi wa wale kumi hawakuwa kwenye sherehe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza mwanafunzi kukwamishwa darasani, lakini mzazi aliyeitwa ofisini akaambiwa mtoto wake "bado hajaiva" hakuwa na nakala ya sheria mfukoni.

Sasa tuna KPSEA, tathmini ya taifa ya Gredi ya Sita, iliyoanza mwaka wa 2022, na nia yake iliyotangazwa ni kufuatilia ujifunzaji. Kila mtoto anaingia Gredi ya Saba, na matokeo hutolewa kwa viwango: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Alama zake huja kuhesabiwa baadaye, asilimia 20 ya zile za kuingilia sekondari ya juu, pamoja na asilimia 20 ya tathmini za shuleni na 60 za KJSEA ya Gredi ya Tisa. Kwa maneno mengine, Baraza la Mitihani (KNEC) halikumpa mtu namba moja wala namba ya mwisho. Sisi wenyewe ndio tuliozitamani namba, tukaenda kununua karatasi kwa wachapishaji binafsi, tukazifanyia mtihani wa pamoja ili tuzipate. Karatasi hizo shule moja huzisahihisha yenyewe, nyingine hubadilishana na jirani, na bahasha pengine hufunguliwa usiku wa kuamkia mtihani. Halafu tunapanga nafasi hadi desimali mbili!

Jambo linaloniuma zaidi ni Kano, mashambani nje ya mji wetu. Kwenye orodha ile, shule za uwanda wa Kano na Nyakach zimejazana chini, na watu wa mjini wanacheka. Mtoto wa kule huanza shule akifundishwa kwa Dholuo, lugha ya nyumbani, hadi Gredi ya Tatu, kama sera inavyotaka, na ni sera nzuri. Gredi ya Nne anakabidhiwa Kiingereza. Miaka mitatu baadaye anapewa swali la sayansi kwa Kiingereza, achague A, B, C au D, na akikosa tunasema hajui sayansi. Mwenzake wa Milimani, mtaa wa wenye uwezo mjini, alikuwa akiangalia katuni za Kiingereza kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mwaka wa 2024 serikali iliahirisha kufungua shule kutoka Aprili 29 hadi Mei 13 kwa sababu ya mafuriko, na kule Nyando hata hiyo Mei 13 kuna watoto ambao madaftari yao yalikuwa yamekwenda na maji. Ndege wakiuvamia mpunga wa Ahero, mtoto ndiye anayekaa shambani kuwafukuza, na daftari la mahudhurio linaonyesha hivyo. Ongeza shule ambazo nusu ya walimu wanalipwa na wazazi kupitia bodi ya shule kwa sababu TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, haijaleta wengine, na mgao wa serikali wa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka ambao hata ukifika wote haufiki mbali. Tangu 2023 Gredi ya Saba nayo iko kwenye viwanja hivihivi vya msingi, na zipo shule zilizotoa madarasa yao mazuri kwa sekondari msingi.

Mwalimu wa Kano aliyempokea mtoto wa Gredi ya Nne asiyeweza kusoma aya moja ya Kiingereza, akamfikisha Gredi ya Sita akiwa anakaribia matarajio, amefanya kazi kubwa kuliko mwenzake wa mjini aliyempokea mtoto anayesoma gazeti akamwacha palepale alipomkuta. Orodha inamweka wa kwanza kwenye nyekundu na wa pili kwenye kijani. Ni kama kupima mwendo wa mashua mbili za Dunga kwa kuangalia ipi iko karibu na ufuo, bila kuuliza ziling'oa nanga wapi.

Najua wapo watakaosema, basi, orodha zipigwe marufuku. Tulishajaribu. Mwaka wa 2014, Profesa Jacob Kaimenyi akiwa Waziri wa Elimu, serikali iliacha kuzipanga shule na watahiniwa kwa nafasi. Ikawaje? Shule za binafsi zilichapisha mabango yao wenyewe na kuyatundika barabarani, orodha za kubuni zikaanza kuzunguka, na shule za umma zikanyamaza. Ukimya huo haukumsaidia mtoto wa Nyalenda. Ulimsaidia mwalimu mkuu asiyetaka kuulizwa lolote.

Na wanaotaka tuzikaze orodha, tufukuze wa mwisho na kuwatuza wa kwanza, wakaitazame Marekani. Sheria iliyotiwa saini huko mwezi wa Januari 2002 ilitaka watoto wote wa gredi ya tatu hadi ya nane wapimwe kila mwaka, na shule zilizoshindwa kupiga hatua zichukuliwe hatua. Mjini Atlanta alama za shule za umma zilipanda, mji ukasifiwa. Mwaka wa 2011 wachunguzi wa jimbo walitoa ripoti iliyowataja walimu na wasimamizi 178 katika shule 44: majibu yalikuwa yamefutwa na kusahihishwa kabla karatasi hazijapelekwa. Mwaka wa 2015 watu 11 walipatikana na hatia mahakamani. Hao walikuwa walimu kama sisi, waliowekewa namba ambayo ilikuwa rahisi kuipata kwa kifutio kuliko kwa chaki. Hata hivyo sheria ileile ilikuwa na kipengele kimoja ninachokionea wivu: shule haikuruhusiwa kujificha nyuma ya wastani, ilibidi ionyeshe pia matokeo ya watoto maskini, ya wenye ulemavu na ya wanaojifunza Kiingereza, kila kundi peke yake.

Kwa hiyo ninaiomba ofisi ya elimu ya kaunti, kama orodha haina budi kuwapo, itoe iliyo kamili: watahiniwa wangapi walisajiliwa na wangapi walifanya, wangapi walihamishwa tangu Gredi ya Nne, walimu wangapi wa TSC na wangapi wa bodi. Tathmini za Gredi ya Nne na ya Tano zimo tayari kwenye mtambo wa KNEC, kwa hiyo mahali alipoanzia mtoto panaweza kuonekana. Ni kweli kwamba alama hizo hutolewa na mwalimu wa darasa mwenyewe na nyingine zimejaa huruma. Lakini hata kipimo chenye huruma kinachoonyesha safari kinafaa kuliko picha ya siku moja.

Na mzazi mwenzangu unayetaka kumhamisha mtoto kwenda shule ya kijani Januari, usiende na orodha. Nenda siku ya kawaida katikati ya muhula. Uliza darasa atakaloingia lina watoto wangapi na mwalimu wake ni nani. Uliza waliokuwa wanyonge zaidi Gredi ya Nne wako wapi leo. Kisha omba madaftari matatu ya hesabu, yoyote, uone yamesahihishwa mara ya mwisho lini. Wakikujibu na kukuonyesha bila kuzungukazunguka, mhamishe.

Mwalimu mstaafu,
Nyalenda, Kisumu