Kadi Imetiwa Saini, Feni Haikufunguliwa

Duka la Kahawa,
Mtaa wa Langoni,
Lamu.

11 Septemba 2023

Kwa Meneja wa Huduma,
Ofisi ya Nairobi.

Bwana Meneja,

YAH: SEVISI YA TAREHE 8 AGOSTI NA MOTO WA TAREHE 26 AGOSTI

Nimeisoma barua pepe yenu ya mistari mitatu. Mmesema moto uliowaka kwenye bomba la moshi la mashine yangu ya kukaanga kahawa umesababishwa na mteja kutofanya usafi, na kwamba kwa upande wenu faili limefungwa. Kwa upande wangu halijafungwa.

Nianze na nati nane. Kifuniko cha feni ya kuvutia moshi, ile iliyo nyuma ya mashine, kimekazwa kwa nati nane za namba 13. Kwenye kadi ya sevisi aliyoniachia fundi wenu, mstari wa nne una alama ya tiki: feni imefunguliwa, imekwanguliwa, imerudishwa. Chini yake pana saini. Lakini nati zote nane bado zina rangi ya kijivu ya kiwandani, haijachubuka hata moja, na juu ya rangi hiyo chumvi ya bahari imeota ukungu mweupe ambao spana ingeupangusa kwa mguso wa kwanza. Nimezipiga picha moja moja. Sijazigusa, na hapa dukani hakuna atakayezigusa mpaka mtu wenu aje azione.

Na yule kijana sina ugomvi. Alikuja kwa basi kutoka Mombasa, akavuka Mokowe kwa boti, akafika kwangu saa tisa alasiri amechoka taabani. Saa kumi na moja na nusu alikuwa ameshaaga. Mashine yenyewe ilikuwa bado ya moto, maana ofisi yenu ilinambia atafika kesho yake, nami nikakaanga mpaka adhuhuri. Mtu anayejua kazi hii atawaambia kwamba kuisubiri mashine ipoe, kufungua feni, kukwangua mapanga yake na kuteremsha bomba la moshi kipande kwa kipande ni kazi ya siku nzima. Aliyempangia safari ya namna ile ni nyinyi.

Alichokifanya ni kukaza mkanda, kufagia sinia ya kupozea na kutia grisi. Hiyo grisi nayo ina kisa chake. Beringi ya mbele ya pipa linalozungusha kahawa inakaa jirani na moto, inataka grisi ya kuhimili joto kali, tena isiyodhuru chakula. Aliyotia ilikuwa ya kawaida, ya kopo, ile wanayotia mafundi wa mashine za boti hapa gatini. Siku ya tatu ikayeyuka. Uzi wa mafuta ya kahawia ukawa unashuka polepole kwenye uso wa mashine, sentimita chache tu kutoka mlango unaomwagia kahawa. Tukawa tunaufuta kwa kitambaa baada ya kila mkaango, mimi na mpwa wangu, kwa zamu.

Sasa moto. Tarehe 26 ilikuwa Jumamosi. Mkaango wa pili, kilo 12 ndani ya pipa la kilo 15. Kahawa yetu, mnajua, si ile ya vijana wa Nairobi inayotolewa ikiwa bado ya rangi ya mdalasini. Wanaouza kahawa tungu kwa dele barazani hawataki hiyo. Tunakaanga mpaka mpasuko wa pili, yaani punje zinapolia kwa mara ya pili, umeshika kasi na punje zimeanza kutoa jasho la mafuta. Mpasuko ulikuwa ndio kwanza umeanza nikasikia bomba la nje linanguruma kama jiko la mkaa linalopulizwa. Mpwa wangu alitoka mbio, akarudi akisema cheche zinaruka juu ya paa la jirani. Paa la jirani ni la makuti.

Wasioijua Lamu huenda wasielewe maana ya sentensi hiyo. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, dari zake ni boriti za mikoko zilizokauka miaka na miaka, na kichochoro cha kwangu hata punda wawili waliobeba mizigo hawapishani. Gari la zimamoto lipite wapi? Ndoo za mchanga na watu ndiyo zimamoto yetu, na siku ile watu walitoka. Mzee wa baraza ya mbele, mtu wa miaka sabini na zaidi, alipanda juu na ndoo.

Nikapiga namba ya dharura iliyobandikwa kwenye mashine yenu. Aliyepokea alinambia, "Mama, zima swichi kubwa ya stima." Swichi kubwa! Ukiikata, pipa linasimama. Kilo 12 za kahawa inayowaka joto la zaidi ya nyuzi 220 zinalala sehemu moja juu ya chuma, zinashika moto, na pipa lenyewe linaweza kupinda lisizunguke tena. Nilifunga gesi, nikazima feni peke yake ili moto wa bombani usipate hewa, nikafunga kilango cha hewa, na pipa nikaliacha lizunguke. Nilimwambia kijana wa simu asante, nikakata. Kama ningekuwa mwanafunzi wa mwezi mmoja ningemtii, na leo ningewaandikia barua nyingine kabisa.

Moto ulijizima ndani ya dakika kama ishirini. Kilo 12 zilikuwa makaa. Bomba la moshi, vipande viwili vya juu, limebabuka na kuacha upenyo kwenye maungio. Makuti ya jirani yalitoboka sehemu tatu, nimeshayalipia.

Kesho yake tulilegeza kibano cha bomba, nikamulika tochi mpaka kwenye mdomo wa feni. Mapanga yalikuwa yamevaa ukoko mweusi, mnene kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Nilichokoa kidogo kwa mpini wa kijiko. Juu unang'aa kama lami, ndani mna makapi yaliyogandana na mafuta ya moshi. Ukoko wa namna hiyo hauoti kwa siku kumi na nane. Ulikuwepo tarehe 8 Agosti, siku kadi ilipotiwa saini.

Kuhusu usafi wa mteja: droo ya makapi tunaimwaga kila baada ya mikaango miwili, si mara moja kwa siku kama kitabu chenu kinavyosema, kwa sababu tunanunua mbuni. Mbuni hukaushwa na maganda yake, haioshwi, kwa hiyo inatoa makapi mengi kuliko kahawa iliyooshwa. Matundu ya sinia ya kupozea tunayazibua kwa waya kila jioni. Kila Ijumaa duka limefungwa, mashine imepoa, tunafyonza vumbi chini ya sinia na kwenye kikusanya makapi. Yote yameandikwa kwenye daftari kwa tarehe. Feni na bomba la ndani mkataba umeviweka mikononi mwa fundi wenu, na mmetukataza kuvifungua, la sivyo dhamana inakufa. Mtu hawezi kukatazwa kufungua kitu kisha akalaumiwa kwa kutokukisafisha.

Kosa langu nitalisema mwenyewe. Tangu Julai mkaango uliokuwa ukimaliza kwa dakika 15 ulikuwa unafika 18, na moshi ukaanza kutoka mlangoni badala ya kwenda bombani. Moto wa bana nao ulikuwa na ncha za njano, dalili kwamba vitundu vya gesi vimeliwa na chumvi ya upepo wa kusi. Badala ya kusimamisha kazi niliongeza gesi, nikisubiri sevisi. Nilimweleza fundi yote hayo. Kwenye kadi ameandika: moto sawa, mvuto sawa.

Ninachotaka ni hiki. Shilingi 38,500 za sevisi zirudishwe, maana kazi niliyoilipia haikufanyika. Vipande viwili vya bomba, gharama ya kilo 12 za kahawa na makuti ya jirani ni juu yenu, risiti nimeziambatisha. Aje fundi mwingine, alale Lamu usiku mmoja, afungue feni mbele yangu, abadilishe vitundu vya gesi na aitoe ile grisi yote atie inayofaa. Na muda wa sevisi uwe miezi mitatu badala ya sita. Hiyo sita ni ya duka la Nairobi linalokaanga kahawa nyepesi mbali na bahari.

Haya yote nayataka kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, kukolea. Mwezi unaandama siku chache zijazo, na wageni wa Maulidi ya Riyadha wakishaanza kuteremka gatini, wauza kahawa watataka kilo mia mbili kwangu kwa wiki. Hivi sasa nakaanga kilo nne nne kwenye karai, juu ya kuni, kama alivyokuwa akikaanga marehemu nyanya yangu, na mkono umeanza kunivimba.

Fundi akifika Mokowe apige simu ya duka, nitamtuma mtu akampokee. Aje na spana namba 13.

Wenu,
Mwenye duka