Shukrani kwa mzee wa tochi nyekundu
Mzee wangu, ulinikuta Magadi nimejiinamia kando ya darubini, tochi yako nyekundu ikining'inia shingoni. Jina sikukuuliza, kwa hiyo asante yangu naitoa hadharani.

Darubini yenyewe ni ya inchi 8, urefu wa fokasi milimita 2032, na gaida ya pembeni, kile kifaa kinachochota mwanga kidogo na kuupeleka kwenye kamera ndogo ya kuongoza ili darubini ifuate nyota bila kuyumba, nilikuwa nimeifunga kwa kubahatisha. Kamera ya kuongoza haikuona nyota hata moja, usiku wa pili mfululizo. Nilishaanza kuitukana.

Wewe ukasema tulale. Asubuhi ukaielekeza darubini kwenye mnara wa simu ulio mbali, ukaweka fokasi ya kamera kubwa, ile ya kupigia picha, kwanza, ukaikaza. Ndipo ukaanza kuivuta nje ile ndogo ya kuongoza, kidogo kidogo, mpaka vyuma vya mnara vikaonekana wazi kwenye skrini. Kumbe ilikuwa imezama mno! Ilitaka pete ya milimita 5 chini yake, nawe ukaitoa mfukoni. (Nani hutembea na pete za kamera mfukoni?) Kile kiprizimu kinachochungulia mwanga wa pembeni nacho ukakihamishia upande mrefu wa sensa ya kamera kubwa (kile kibao kinachopokea mwanga), ukakiinua kidogo kisitie kivuli kwenye picha.

Usiku huo nilipiga picha za Omega Centauri, lile kundi kubwa la nyota, dakika 5 kila picha, na nyota zikatoka duara hadi pembeni. Nilipogeuka kukuonyesha, gari lako lilikuwa limeshaondoka.

Pete yako bado ninayo. Tukikutana nitakurudishia, ingawa kusema kweli sitaki.