Barua kwa mwanangu kabla ya dansi ya Jumamosi

Lubumbashi, Jumatano usiku

Mwanangu mpenzi,

Leo jioni nimekuona ukijaribu viatu vya baba yako mbele ya kioo cha kabati, hatua mbili kulia na mbili kushoto, nikapita kimya ili nisikukatize. Nafurahi kwamba unakwenda. Vijana waliokaa benchi moja kwa miaka sita wana haki ya kuagana kwa kucheza, kwa hiyo usiisome barua hii ukitafuta mahali ninapokukataza, maana hapapo. Nimeamua kuandika kwa sababu mezani wadogo zako hutega masikio, na yapo mambo ambayo ni vigumu kwa mama kumwambia mwanawe wa kiume akiwa anamtazama usoni.

Babu yako, yule wa mtaa wa Katuba ambaye jina lake unalo, alikuwa mchezaji. Alikuwa kijana wakati magitaa ya Katanga yalipoanza kusikika mbali, baada ya mtafiti wa muziki Hugh Tracey kumrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mimi alinifundisha rumba uani nilipokuwa na miaka kumi na miwili, na hakuanza na miguu. Alinyoosha mkono wa kushoto, kiganja kikitazama juu, akaniambia niweke wangu juu yake, kisha akanieleza kwamba mkono huo hauvuti wala haukamati. Unabeba tu, kama mtu aliyeshika yai, na unasikiliza. Mwanamke akikaza vidole, alisema, wewe rudi nusu hatua; akiondoa mkono, kwako wimbo umekwisha, hata kama mpiga gitaa bado anaendelea. Mkono wake mwingine aliuweka mgongoni mwangu, juu ya kiuno, ukabaki hapo hapo mpaka mwisho, halafu akanirudisha hadi kwenye kiti changu na kunishukuru, mimi mtoto wake.

Baadhi ya wazee wa kanisani kwetu husema kwamba ubaya wa dansi ni miili kukaribiana. Nawaheshimu, lakini katika hili sikubaliani nao. Rumba, ambayo tarehe 14 Desemba 2021 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu kwa ombi la nchi yetu pamoja na jirani yetu Kongo-Brazzaville, ni dansi ya kukaribiana tangu zamani. Wengi husema hata jina lake limetoka katika neno la Kikongo nkumba, yaani kitovu. Ubaya huanza pale mmoja anapokaribia na mwenzake hajataka.

Hilo nalijua kwa mwili wangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka 16, kwenye dansi ya shule, nimevaa gauni aliloshona shangazi yako. Mvulana wa darasa la juu alikuja kutoka nyuma, akanishika kiuno na kunivuta kwake bila kuniuliza kitu, na wenzake wakafanya duara wakipiga makofi. Nilicheka, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine, naye akakichukua kicheko changu kuwa ndiyo. Wimbo ulikuwa mrefu. Mpaka leo nakumbuka kifungo cha mkanda wake kikinichoma mgongoni, na mwalimu wa zamu akiwa mlangoni amegeuza uso upande wa barabara. Kesho yake hakuna aliyelizungumza, kwani hakuna aliyeona kwamba kuna jambo lililotokea, lakini mimi sikukanyaga tena mahali pa dansi mpaka nilipokutana na baba yako. Mbali na yeye, wewe ndiwe wa kwanza ninayekueleza.

Basi mwanangu, ukitaka kucheza na msichana, mwendee kwa mbele, akuone, na umwombe kwa maneno. Akikataa, mshukuru uondoke, wala usimtume rafiki akarudie ombi lako. Akicheka bila kujibu, hesabu kwamba amekataa. Muziki wa ndombolo, ule wa kasi, ukipigwa, zungusha kiuno chako upendavyo, lakini kiuno cha mwenzako kina mwenyewe. Na mkifanya duara, asisukumwe mtu katikati kwa nguvu. Ukiona msichana anasukumwa, ingia wewe katikati ucheze, umpe nafasi ya kutoka. Kwa hilo huhitaji kugombana na mtu.

Kumbuka pia kwamba wewe umeshatimiza miaka 18, na wengi mtakaokuwa nao wana 16 au 17. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwita mtoto kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Usimpe yeyote kati yao pombe, na usiwapige video wakicheza ili kuzisambaza, hata kama wote wanacheka wakati huo. Video ya dakika moja inaweza kumfuata msichana hadi chuo kikuu.

Kwa kuwa perefe, mkuu wa shule yenu, amekuweka katika kamati ya matayarisho, liko jambo moja ninalokuomba ulisimamie wewe mwenyewe. Usiku wa Juni hapa kwetu una baridi, na najua watu watataka kufunga milango na madirisha. Umeme nao ukikatika, mtawasha jenereta, na mtu atalisogeza karibu na ukuta ili waya ufike. Usikubali. Moshi wake una gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, na dalili zake za kwanza, yaani kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, ukumbini huonekana kama uchovu au ulevi. Tafuteni waya mrefu, jenereta likae mbali uwanjani, milango yote miwili ibaki wazi, na mtu akilalamika kichwa mtoeni nje mara moja kwenye hewa safi, kisha mlizime. Wenye baridi wavae sweta. Maji ya kunywa yawepo ya kutosha, na spika zisielekezwe kwenye viti: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, limeweka wastani wa desibeli 100 kuwa kikomo cha sauti ya muziki kumbini, na masikio yakivuma baada ya dansi, ujue yameumizwa.

Baba yako atakuwa getini saa nne usiku. Garini mna nafasi tatu, kwa hiyo waulize mapema wasichana wanaokaa upande wetu kama wangependa kupelekwa nyumbani, na wazazi wao waarifiwe kabla ya Jumamosi.

Kesho, wadogo zako wakishalala, nitaweka muziki uani kwa sauti ya chini. Njoo na viatu hivyo. Nataka kuuona mkono wako wa kushoto.

Mama yako anayekupenda