Gizo wenu hana kitembe

Bwana Mhariri,

Nimesoma ngano ya Gizo, buibui mjanja wa Wahausa, kwenye ukurasa wenu wa watoto. Kiswahili chake ni safi, sina ugomvi nacho. Ila mwandishi wenu ameongeza chini kwamba ngano za namna hii hazina tena mvuto kwa watoto wa mjini. Hapo niliweka mkasi chini.

Mimi ni fundi wa kushona, komine iitwayo Kenya, sehemu ya jiji hapa Lubumbashi, Kongo. Jirani yangu ni Mama Hajiya, mzaliwa wa Kano, mji wa Wahausa kule Nigeria. Mumewe anauza vitenge. Umeme ukikatika jioni, watoto wa karteye, mtaa wetu, wanajazana barazani kwake. Anaita, "Ga ta, ga ta nan!" Wanaitikia kwa kishindo, "Ta zo mu ji ta!", ije tuisikie. Ni watoto wa Kiluba na Kibemba hao, Kihausa chao kinaishia hapo. Yanayobaki anawasimulia kwa Kiswahili chake cha sokoni, na hakuna anayeondoka.

Gizo wake ana kitembe, kama Wahausa wanavyomsimulia tangu zamani. Koki, mkewe, anasema harakaharaka, kwa sauti kavu ya mwanamke aliyechoka kudanganywa. Kwa hiyo Mama Hajiya hahitaji "Gizo akasema, Koki akajibu", maneno mliyoyarundika ninyi kila mstari. Akifika penye giza anasema "baƙi ƙirin", nyeusi tii, na hilo la pili analikata ghafla kama uzi kwa meno. Kisha ananyamaza. Wadogo wanasogeleana.

Kijana wangu anasoma isimu chuoni. Anasema Kihausa ni lugha ya toni: silabi ya juu ukiishusha, pengine umetaja kitu kingine kabisa. Sentensi ya kawaida inateremka ngazi kwa ngazi. Ya kuuliza, mteremko huo unazuiliwa. Basi msimulizi hapandishi sauti ovyo, anacheza zaidi na mwendo, ukimya na ukali wa koo. Na maandishi yao ya kila siku hayaonyeshi toni. Frank Edgar, ofisa wa ukoloni wa Kiingereza kule Nigeria, alichapisha majuzuu matatu ya ngano za Kihausa kati ya 1911 na 1913. Maneno yamehifadhiwa, koo la msimulizi halimo. (Bibi yangu Mubemba angesema hizo si ngano: kwake isiyo na wimbo haikuhesabiwa.)

Ninachoomba ni kidogo. Mkichapisha nyingine, kiitikio cha watoto kipeni mstari wake, wimbo nao vilevile, na Gizo mwacheni na kitembe chake. Mwalimu anayesoma darasani kwa sauti moja toka mwanzo hadi mwisho atapata pa kushika.

Mwandishi wenu naye namkaribisha barazani, baada ya sala ya Magharibi. Mchana asijisumbue, Mama Hajiya hasimulii jua likiwaka, kwao ni mwiko.

Mama fundi,
Kenya, Lubumbashi