Mwanangu, kuhusu hilo jina la Bi Saini

Mama, voisi yako nimeisikiliza mara tatu nikiwa brek kazini huku Ohio. Kwa hiyo sukari imepungua mifuko 12, aliyesaini ni wewe, na sasa stoo nzima wanakuita Bi Saini. Si ndo hao hao waliokufundisha usaini bila kuhesabu ili lori liondoke chapchap?

Kuna mzee napiga nae shifti ya usiku, yeye ni besiboli tu, juzi kanisimulia habari za Fred Merkle, kijana alokulia Toledo humu humu Ohio. 1908 ana miaka 19, yuko timu ya New York Giants, muda mwingi anakula benchi, sasa tarehe 23 Septemba mwenye namba yake pale besi ya kwanza (besi ni vile vituo wanavyokimbilia uwanjani) kaamka na mgongo, dogo akapangwa. Wanacheza na Chicago Cubs, 1-1, dakika za lala salama, Merkle kasimama besi ya kwanza na mwenzie yuko ya tatu, mwenzao Bridwell akapiga mpira ukapita, yule wa tatu akaingia nyumbani, yani kituo cha mwisho, pointi, mashabiki hao uwanjani! Merkle alikuwa anaelekea besi ya pili, kuona umati ule akageuza akakimbilia vyumbani bila kuigusa.

Sheria inataka aiguse, maana mwenzie akishapiga yeye lazima asogee ya pili, mpinzani mwenye mpira akiikanyaga kabla yake ni auti, katolewa, na auti ikiwa ya mwisho pointi haihesabiki. Ila sikiliza hapa mama, zama hizo wachezaji walikuwa wanafanya hivyo hivyo na marefa wanafumba macho, tena huyo Evers wa Cubs alishalalamika kama wiki tatu nyuma kwenye mechi na Pittsburgh, refa O'Day huyo huyo akampotezea. Siku ya Merkle ndo akakubali. Evers kaitisha mpira (mpaka leo watu wanabishana kama ndo ule ule uliopigwa), kakanyaga besi ya pili, Merkle auti, pointi ikafutwa, sare. Msimu ukaisha timu zimelingana, wakarudia tarehe 8 Oktoba, Cubs 4-2, ubingwa wa ligi huo ukaenda. Dogo akabandikwa jina Bonehead, bwege yani, akazeeka nalo.

Kocha wake McGraw hakumtupia lawama, akamuongeza na mshahara. Akacheza misimu 16, akafika World Series, fainali kuu ya besiboli, mara 5 na zote timu yake ikafungwa, hilo sasa ni gundu sina la kusema. Baadae akajitenga kabisa na besiboli, hadi 1950 ndo akakubali kurudi New York kwenye mechi ya maveterani, mashabiki wakamshangilia. Miaka 42 mama!

Kesho nenda kazini. Lori likija hesabu mfuko mmoja mmoja hata dereva apige honi mpaka betri ife, na bosi akitaka kukukata muulize zile saini za miezi ya nyuma nani alikuwa anahesabu. Hela ya hiyo mifuko 12 nitatuma Ijumaa nikilipwa. Mama yako usimwambie kwanza, nitampigia mwenyewe.

Baba